Aliyeileta Bahari Kitale: Maisha ya Hesbon Wanjala Wabwile, 1952–2007

Hesbon Wanjala alizaliwa tarehe 14 Aprili 1952 katika boma hili la Myanga, kifungua mimba wa marehemu Mzee Wabwile na Mama Nanyama, ambaye tunamshukuru Mungu kuwa yuko nasi, ameketi hapa kando ya jeneza. Kifungua mimba alikuwa na haki yake hapa nyumbani. Mahindi mapya yakivunwa, gunia la kwanza lilikuwa lake, na wengine wote, mama mwenyewe akiwemo, walimalizia ya mwaka uliopita kwanza. Ndugu zake walinung'unikia jambo hilo tangu utotoni, na mdogo wake Jotham, anayewasomea wasifu huu, alinung'unika kuliko wote.

Alianza shule ya msingi papa hapa Myanga mwaka 1960, kisha akapata nafasi ya sekondari mjini Bungoma. Baba yetu alipofariki mwaka 1969 masomo yakaishia hapo. Walimu wake hawakumkumbuka kwa hesabu wala kwa mpira. Walimkumbuka kwa pua. Uji wa shule ukianza kushika chini, Hesbon alijua akiwa darasani kabla mpishi hajajua akiwa jikoni, na alipigwa mara kadhaa kwa kulisema.

Mwaka 1971 alikwenda Mombasa, akaanza kuosha sufuria katika hoteli ya watalii na kuishia mpishi wa samaki. Huko alijifunza changu, kolekole, ngisi, kamba na pweza, vitu ambavyo hapa Bungoma tulivisikia kwa majina tu. Machi 1990 alirudi bara, akafungua hoteli yake ndogo Kitale, karibu na steji ya mabasi, ukuta wote rangi ya buluu. Watu walimcheka. Kitale ni mji wa mahindi, na atakaye samaki anapata wa ziwani kutoka Kisumu. Nani angekula pweza? Lakini walimu na wafanyakazi wa serikali waliohamishwa kutoka Pwani walimgundua, wakawaleta wenzao, na baada ya muda hata wakulima wa Kiminini walikuwa wakiingia wakiuliza kama "ile ya miguu mingi" imefika.

Samaki walisafiri kwa basi ndani ya sanduku la mbao, wamefukiwa kwenye barafu na unga wa mbao. Hesbon hakumtuma mtu kulipokea. Alilifungua mwenyewe, akainama, akanusa samaki mmoja baada ya mwingine, na yeyote aliyemtia shaka alimzika katika shimo nyuma ya hoteli, hata kama wateja walikuwa wamekaa mezani wakisubiri. Kwa miaka kumi na saba hakuna mtu aliyelalamika tumbo kwa chakula cha Hesbon. Hilo tunataka lisikike vizuri leo.

Mama hakupenda biashara hiyo. Alikuwa akimwita Papa, yaani baba kwa lugha ya kwetu, na kumuuliza, "Papa, kwa nini ule kitu imetoka mbali hivyo, na kunde iko hapa kwa mlango?" Hesbon alikuwa akicheka na kumjibu, "Mayi, ya mbali naikagua. Ya nyumbani naiamini."

Tarehe 12 Desemba 1992 alimwoa Nyaruai, binti wa Mzee Ngari wa Cherangani, kanisani Kitale. Alikuwa na miaka arobaini, na tulikuwa tumeshakata tamaa. Nyaruai alikuwa akimletea kabeji na viazi kwa mkokoteni, na anasema alimpenda kwa sababu alinusa kabeji kabla ya kuinunua. Mzee Ngari alitoka Nyeri miaka ya sabini na hakuwa amewahi kutia samaki mdomoni, kama wazee wengi wa kwao. Hesbon, kwa ujinga wa mapenzi, akamwandalia mkwe wake pweza siku ya kwanza. Mzee aliitazama sahani kwa muda.

"Ati hii ni samaki? Si iko na miguu kuliko kiti?"

"Onja tu, mzee."

Alionja mchuzi, akafikiri, akaonja tena. "Supu ni tamu," akasema. "Hiyo mnyama yenyewe nimewaachia nyinyi." Tangu siku hiyo hakuja mjini siku ya soko bila kupita kuuliza supu, na mnyama akamwachia mkwe wake kila mara, hadi alipofariki mwaka 2003.

Pamoja na samaki wote hao, kulikuwa na chakula kimoja ambacho Hesbon hakukiuza. Kila Desemba gunia la kwanza la mama lilifika Kitale kutoka Myanga. Wateja na watoto walikula unga wa dukani, lakini jioni Hesbon alisongewa ugali wake peke yake, wa mahindi ya mama yake, akala na mboga ya kunde. Wakati mwingine mmoja wa watoto wake, Joy au Ngige, alimegewa tonge. Alikula akiwa amevua viatu. Alisema hapo ndipo alipokuwa nyumbani.

Msimu wa mwisho wa mwaka 2006 mvua haikukatika wakati wa kuvuna, kila mkulima hapa anakumbuka. Mama aliyaanika mahindi, akayaanua, akayaanika tena, na mwishowe akayapukuchua yakiwa na unyevu kwa sababu kifungua mimba wake alikuwa anangoja. Gunia lilipofika Kitale, Nyaruai alipika mara moja, akaonja, akasema, "Baba Joy, hii unga iko chungu." Hesbon akamwambia unga wa nyumbani ndivyo ulivyo. Mtu aliyezika samaki mzima kwa shaka ndogo tu hakuweza kumwaga debe moja la mahindi ya mama yake. Kuku waliopewa chenga za mahindi hayo wakafa, ikasemwa ni ugonjwa wa kideri. Na mwaka huo hakuwamegea watoto hata tonge. Sisi tunaamini pua yake ilimwambia, akakataa kuisikiliza. Inatuuma kulisema, lakini ndivyo tunavyoamini.

Mwishoni mwa Januari alianza kutapika. Macho yakawa ya manjano, tumbo likajaa maji, miguu ikavimba. Alilazwa hospitalini Kitale tarehe 19 Februari. Jamaa wote waliokwenda kumwona walimwambia daktari jambo moja: ni samaki. Daktari aliuliza chakula kingine, akaomba aletewe mahindi. Alipovunja punje, ndani ilikuwa ya kijani. Akamwambia Nyaruai wazi, "Mama, samaki mbaya humkamata mtu siku hiyo hiyo. Hii kuvu imekula ini lake pole pole."

Hesbon alisikia. Watu walipotoka alimshika mkewe mkono na kumwambia, "Mayi asijue. Wacha waseme ni samaki."

Nyaruai akaahidi. Hesbon alifariki Ijumaa tarehe 9 Machi 2007, alfajiri, na mkewe akabeba ahadi hiyo hadi Myanga. Mnajua alivyopokelewa. Ilisemwa kwamba mwanamke wa Kitale amemlisha mtoto wetu madudu ya bahari. Ilisemwa asikae karibu na jeneza, asiguse sufuria, na baada ya mazishi arudi kwao. Aliyasikia yote, akainamisha kichwa.

Jumatano wiki hii akina mama walifungua ghala ili wawapikie waombolezaji. Nyaruai alidhani gunia la Kitale ndilo pekee lililokuwa na unyevu ule. Alipoona magunia mengine ya shamba lile lile yakitolewa kupelekwa posho mill kusagwa, alikimbia, akasimama mlangoni na kutandaza mikono. Akaambiwa, "Toka hapo! Ulimuua, sasa unatunyima hata chakula chake?" Akavutwa nguo. Hakusema kwa nini. Alilia tu na kurudia, "Msipike hii. Nawaomba, msipike."

Mama Nanyama aliinuka kitini akaja na fimbo yake. Alimtazama Nyaruai, akachota konzi ya mahindi, akayanusa. Pua ya Hesbon ilitoka kwake. Alisimama vile, mahindi yakimwanguka kidogo kidogo kati ya vidole, kisha akauliza, "Mama Joy, ni hii?"

Nyaruai alishusha mikono.

"Ni hii," mama akasema, naye akakaa chini pale pale mlangoni.

Magunia yale yalichomwa siku hiyo hiyo, na jioni Nyaruai akatusimulia yote, maneno ya daktari na ahadi aliyompa mumewe. Kuna walioshauri mambo haya yasisomwe, kumhurumia mama. Ni mama mwenyewe aliyeagiza yasomwe, yote, mbele ya kila aliyefungua mdomo. Alisema, "Mimi nitabeba yangu. Huyu msichana asibebe yangu." Basi anayebaki na neno juu ya samaki akamwambie yeye, ameketi hapo. Na nyumbani mkague mahindi yenu, hata yale ya mama zenu.

Marehemu ameacha mjane, Nyaruai, ambaye kwa amri ya mama ndiye msimamizi wa jiko leo na ambaye boma hili ni lake. Ameacha watoto wawili, Joy na Ngige, ndugu zake, akiwemo mdogo wake Jotham, na mama yake, Nanyama. Chakula mtakachokula baada ya ibada kimepikwa na mjane, na kuna sufuria moja ya mchuzi wa pweza, kwa sababu mama ameomba auonje.

Lala salama, Hesbon. Mayi amejua, na amemshika Nyaruai mkono.