Moreen Akeyo na Watu wa Stoo

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi, Bi. Moreen Akeyo anastaafu kutoka idara yetu ya usanifu wa programu hapa Nakawa, Kampala.

Alitoka Kisumu akiwa mwalimu wa hesabu, akajiunga nasi kampuni ilipokuwa chumba kimoja chenye feni mbovu. Ndiye aliyechora skrini za kwanza za Bohari, programu ya kusimamia stoo ambayo imetulisha wengi. Alisema kuuzia kampuni programu ni kazi ngumu kwa sababu mkurugenzi husaini na kwenda zake, anayehangaika nayo kutwa ni mtu mwingine.

Tuliliona hilo kwa mteja mmoja, msambazaji wa dawa. Mkurugenzi wake alitaka kila aina ya ripoti, nasi tukaziweka zote. Baada ya muda mfupi watunza stoo walikuwa wamerudia karatasi. Akeyo akahamia kwao, akavaa koti lao la bluu na kusukuma mikokoteni. Mmoja wao, Santina, alimwambia, "Madam, hii kitu ni ya bosi. Sisi inatuchelewesha tu." Wakaisanifu upya pamoja. Siku moja Akeyo alifungiwa kwa bahati mbaya ndani ya chumba cha baridi. Alitoka akitetemeka, akatuagiza tuongeze ukubwa wa vitufe, maana vidole vilivyoganda havilengi.

Toleo hilo lilifanikiwa mno. Kazi ya watu sita ikawatosha wawili, na mteja akawaachisha waliobaki, Santina akiwemo. Sisi tulisherehekea mkataba mpya. Akeyo aliondoka bila kugusa chakula.

Alimtafuta Santina hadi soko la Owino, akamkuta anauza mashuka ya mitumba. "Nilikufundisha kazi yangu," Santina alimwambia, "wewe ukaipatia mashine." Akeyo alikaa naye mpaka soko likafungwa. Baadaye aliushawishi uongozi wetu umwajiri Santina awafundishe wateja, lakini Santina alikataa.

Tangu hapo Akeyo hakuanza mradi bila kumuuliza mteja, mbele yetu sote, watu wake watafanya nini kazi ikipungua. Baadhi ya wateja walituacha kwa sababu ya swali hilo. Wengine walikubali kuwapa watu wao kazi nyingine, na wako nasi hadi leo.

Wiki iliyopita alikwenda Owino kumuaga Santina. Alirudi macho yamemwiva, akaketi kumalizia skrini yake ya mwisho.

Dada Akeyo, asante kwa yote. Ufike Kisumu salama, na moyo wako upate kupumzika. Jumatatu tunakutana na mteja mpya, na itabidi mmoja wetu aulize swali lile kwa niaba yako.