Nguo Ambayo Bibi Hakutaka Kuuza

Kijiwe cha Wabongo pale Zhongda, kwenye soko la vitambaa la Wachina, hakikuwa na benchi. Kilikuwa na robota mbili za vitambaa zilizokataliwa na mwenyewe, zimelazwa ubavuni mwa gesti ya chee, mkabala na soko ambalo mtu akipotea asubuhi anaonekana jioni amenunua mapazia. Hapo ndipo Abdulwakil wa Unguja, anayeitwa Balozi kwa kuwa humsemea hata asiyeomba kusemewa, alipikia kahawa ya buni aliyotoka nayo nyumbani. Jiko lake la umeme lilipigwa marufuku na mwenye gesti kwa tangazo la Kichina, na kwa kuwa hakuna aliyejua kulisoma, marufuku haikuwapo. Mwaka ulikuwa tisini na tisa, mwezi wa kumi, na viwanda ndiyo kwanza vimefunguliwa baada ya sherehe za taifa zilizofunga nchi wiki nzima. Wiki hiyo kijiwe kizima kililala na kulalamika. Sufian hakulala.

Sufian, kijana wa Ilala mwenye mdomo mkubwa kuliko mtaji, alipanda treni peke yake, bila mkalimani wala ramani, akaenda Guizhou, mkoa wa milima ambako hakuna wa kijiweni aliyewahi kuagiza hata kifungo. Sasa amerudi. Amekaa juu ya robota na mfuko mapajani, na ndani ya mfuko mna nguo. Laoban wa kiwanda cha kuchapa vitambaa, yaani bosi mwenyewe, alikuwa njiani kuja kuichukua. Angeikata vipande, kila ua libandikwe kwenye kadi, lichorwe upya, na kabla ya Ramadhani Kariakoo nzima ijifunge kanga ya Sufian. Hiyo ndiyo hesabu iliyomfanya asiweze kutulia.

Alianza na chakula, maana anakijua kijiwe chake. Akasema kule wana mizizi myeupe inayoliwa mibichi na pilipili, ukitafuna mdomo mzima unanuka shombo kama umebusu pweza. Nguruwe yuko karibu katika kila sufuria, kwa hiyo yeye alikuwa akijiingilia jikoni mwa watu, anafunua vyungu, ananusa, halafu anaonyesha kwa kidole anachotaka. Samaki ndiye aliyemwokoa. Anapikwa mzima kwenye mchuzi mwekundu wa nyanya zilizovundikwa mpaka zikachachuka, mchuzi unaokukunja uso kisha unakudai kijiko kingine.

Joachim, Mchaga anayeitwa Sampuli kwa sababu anaomba vipande vya mfano duka zima na haagizi kitu, akataka kujua mtu anaingiaje jikoni mwa watu hivi hivi.

— Kwa miguu, akasema Sufian. Ukicheka na mtu, mlango ni wako. Mimi sikuuliza njia wala sikuuliza bei. Nikiona pazuri nashuka.

Akawapeleka kwa maneno kwenye maporomoko ambayo masikio yanafika kabla ya macho. Unapita pangoni nyuma yake, maji yanashuka mbele ya uso wako, unatokea upande wa pili hata soksi zimelowa. Akawapandisha ngazi za hekalu lililoko juu ya mawingu, ambako vikongwe wenye mizigo ya ubani walimpita wakimwonea huruma. Kisha akawaingiza msikitini siku ya Ijumaa, msikiti wenye paa la ncha zilizokunjwa juu, safu zimejaa wazee wa Kichina wenye kofia nyeupe.

Hapo Balozi, ambaye mizizi na maporomoko havikumshtua, aliweka kikombe chini.

— Imamu akasoma Alhamdu? Mchina?

— Yote. Na Amina tukaitikia pamoja. Nililia, msinicheke.

— Ulilia ile mizizi, akasema Joachim.

Kicheko kilipopoa, Sufian akaifikia nguo. Basi lilipata pancha mahali fulani milimani, abiria wakakaa chini kuvuta sigara, yeye akaona njia ya mawe inapanda akaifuata. Juu alikuta kijiji cha nyumba za mbao, na mlangoni mwake jiwe kubwa limefungwa nyuzi nyekundu, na maganda ya mayai chini yake. Bibi mmoja alimkaribisha, akampa wali wa rangi, wa njano na wa zambarau katika sahani moja. Nguo ilikuwa ndani ya sanduku lililokuwa wazi. Sufian aliiona, na njaa ikamtoka.

Akaitoa mfukoni kijiwe kikaiona nacho. Buluu iliyoiva mpaka inakaribia weusi, na juu yake maua meupe, ndege na samaki, mistari iliyochorwa kwa nta na mkono usiotetemeka. Hata Mwanahija, mama wa Tanga anayenunua jeans Xintang na asiyesifu kitu cha mtu kwa kuogopa bei kupanda, alifuta vidole kwanza ndipo akaigusa.

Bibi alikataa kuuza. Sufian hakushtuka, nani pale sokoni hajaanza kwa kukataa? Akatoa pesa, bibi akatikisa kichwa. Akaongeza, bibi akairudisha nguo sandukuni. Sufian akaketi kizingitini na kucheka naye, akaonyesha nyumbani kwao ni mbali, akaitoa tena nguo, akaiweka kifuani kwake mwenyewe. Mwishowe bibi alimtazama kwa muda mrefu, akaikunja, akamwekea mikononi, na pesa zake akazisukuma nyuma. Binti wa nyumba ile, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatoka akilia. Kijiji kikamsindikiza mpaka barabarani, kimya, na lori la kabichi likampakia.

Ndipo kijiwe kilipopata kazi. Joachim alisema jambo liko wazi, binti alilia kwa kuwa Sufian ndiye mchumba, nguo ndiyo posa, na huko wameshapika pombe wanamsubiri. Balozi akampinga. Wale samaki na ndege si mapambo, ni ramani ya migodi ya serikali, bibi alikuwa anaitoa nje ya nchi kwa mgongo wa Mwafrika asiyejua kitu, na askari wako stesheni wanapekua mabegi sasa hivi. Joachim akaona ameachwa nyuma, akasema basi ni lile jiwe: kijiji kilikuwa na mzimu, kikautafutia mgeni wa kuubeba, ndiyo maana walimsindikiza wote, kuhakikisha hageuki.

— Na pesa walikataa kwa nini? akauliza Balozi.

— Ungemlipisha mtu anayekubebea mzimu?

Sufian aliwaacha waseme. Nguo yake ilikuwa inapanda thamani kwa kila uongo. Akataka kuwaonyesha ilivyo ndefu, akakumbuka kioja alichokuwa amekisahau. Kabla ya kumpa, alisema, bibi alimfanyia maonyesho kama muuzaji wa mashuka. Aliitandika sakafuni, akalala juu yake chali, akajifunika upande wa pili, akafumba macho.

Mwanahija aliacha kuipapasa ile nguo.

— Mikono aliiweka wapi?

— Hivi, kifuani. Alikuwa ananipimia urefu, Da Mwanahija. Inamtosha mtu mzima na inabaki.

— Na uso?

— Uso nini?

— Alijifunika uso, Sufian?

Sufian aliishika ile nguo kwa mikono miwili. Alikuwa anamwona bibi sakafuni. Alikuwa anaona ile nguo ikipanda polepole kidevuni, puani, mpaka kwenye nywele nyeupe, na yeye amesimama hapo anapiga makofi.

Mwanahija alisema bila kumtazama mtu kwamba mama yake alirudi kutoka Hijja na sanda yake, ameiosha kwa Zamzam, na mpaka leo iko uvunguni katika sanduku la bati. Hata wajukuu hawaruhusiwi kuligusa.

— Alikuwa anakwambia kwa nini haiuzi, mwanangu. Alikwambia kwa namna pekee aliyokuwa nayo. Na wewe ukaongeza bei.

Joachim, aliyekuwa na ncha ya nguo gotini, aliiondoa kwa vidole viwili, akairudisha mapajani kwa Sufian.

Laoban alifika wakati huo huo kwa baiskeli, anatabasamu, mkasi unaning'inia shingoni. Akanyoosha mkono. Sufian aliikumbatia ile nguo, akasema kwa Kichina chake cha sokoni kwamba hauzi, hachapishi, hakuna kazi. Laoban akauliza, akafoka, akaonyesha saa, mwisho akaipanda baiskeli yake na kwenda zake anasema peke yake. Kanga ya Kariakoo ikaondoka naye, na Sufian hakumsindikiza hata kwa macho.

— Naenda stesheni, akasema. Napanda treni ya leo. Namrudishia mkononi mwake.

Balozi akasema hilo ndilo neno, na nauli ikipungua kijiwe kipo. Mwanahija akavua mtandio wake mweupe ili nguo isirudi ndani ya mfuko wa plastiki. Kwa mara ya kwanza siku hiyo walikuwa na wazo moja.

Pembeni alikuwepo Bertila, dada wa Bukoba aliyeshuka jana kwa safari yake ya kwanza, ambaye bado alikuwa anamsalimia kila Mchina anayepita. Alikuwa amesikiliza yote na kikombe mkononi. Akauliza kwa upole, kama mtu anayetaka kumsaidia mwenzake kukata tiketi:

— Kijiji kinaitwaje, kaka?

Sufian akasema ni kule juu. Akasema ni baada ya maporomoko, mbele kidogo, pale basi lilipopata pancha. Basi gani, lilikuwa la bluu. Kuna njia ya mawe. Kuna jiwe lenye nyuzi nyekundu, ukiliona hilo ndipo hapo, nyumba ya kwanza, au ya pili, bibi mfupi.

— Na yeye bibi, jina lake?

Ladha ya ule mchuzi aliikumbuka. Aliikumbuka rangi ya wali, na sauti ya binti akilia nyuma ya mlango wa mbao; jina hakuwahi kuliuliza. Akageuka kwa Balozi, ambaye humsemea kila mtu, na Balozi akainamia birika.