Kazi Yangu Kando ya Wali wa Don Batiste

Mheshimiwa Meya, Mwenyekiti wa Chama cha Wavuvi, Bi Assumpta, binti wa mgeni wetu wa heshima, ndugu zangu wa mnada wa samaki, majirani, na wewe, Don Batiste Ferrandis, unayenitazama sasa kama ulivyokuwa ukiitazama mizani:

Kabla sijasema lolote, nawasihi, maneno haya yasitoke nje ya ukumbi huu. Najua nusu ya bandari imo humu, na nusu nyingine imeegemea madirishani. Hata hivyo naomba. Nitakayoyasema yanagusa heshima ya mtu mbele ya moto wake wa kupikia, na katika mji wetu mtu husamehewa mengine mengi upesi kuliko hayo. Mwenyewe ameniruhusu, ingawa alinuna kwanza.

Mimi ni Llúcia Boix, karani mdogo wa mnada. Waliotangulia wamemsifu mkuu wetu anayestaafu, Don Batiste, kwa uaminifu na ukali wake, na wamesema kweli. Lakini ni nani kati yenu aliyewahi kunisikia nikizungumza? Niliajiriwa nikiwa na vyeti vizuri na sauti ya panya. Nilipoulizwa jambo, nilijibu kwa kuandika.

Majira ya baridi yaliyofuata tulimzika Bi Empar, mke wa Don Batiste. Jumapili iliyofuata, mjane huyu aliwasha kuni za michungwa uani kwake, akateleka ile paella, kikaango chao kipana cha mikono miwili. Akakaanga ngisi na kamba, akatia nyanya, pilipili tamu ya unga na zafarani, akamimina supu ya vichwa vya samaki, akatandaza mchele. Hadi hapo hakukosea. Kisha, ndugu zangu, akaukoroga.

Naam, nasikia mnavyoguna. Bi Quiteria, jirani yake, alichungulia juu ya ukuta, na bandari nzima ilimsikia.

"Batiste! Huo ni wali au uji wa mgonjwa?"

"Ni uji, na mgonjwa ni wewe! Lete bakuli!"

Siku ya pili aliniita ofisini kwake. Nilidhani nafukuzwa.

"Binti, Jumapili utakula kwangu."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Si bure. Wali ukishatandazwa hauguswi, unajua. Miaka yote wakati ule wa kungoja mimi na Empar tulikuwa tukipiga soga. Jana palikuwa kimya, mikono ikatafuta kazi. Kazi yako ni kuzungumza, ili nisikoroge."

Hebu fikirini. Katika mji mzima wenye ndimi kali kama huu, akamchagua bubu!

Jumapili ile nilimsimulia habari za mizani. Zilipokwisha, nikamsimulia mvua. Nilipomwona anaunyemelea mwiko, hofu ikanifungua kinywa, nikamweleza habari za mama yangu kule milimani, ambaye sijamwona tangu nilipoajiriwa, na jinsi anavyoimba vibaya. Akacheka, mwiko ukabaki ulipo. Wali ulikauka punje kwa punje, na chini ukafanya ukoko wa rangi ya asali.

Tulikula palepale kikaangoni, kila mtu na kijiko chake cha mti. Nikasita.

"Unaogopa nini, binti?"

"Kuingia shamba la mtu, Don Batiste."

"Shamba lako hilo mbele yako. Lima mpaka katikati. Ukivuka, nakushtaki kwa Meya."

Mbele ya kiti cha tatu, cha Bi Empar, kilichokuwa kitupu, palibaki pembe ya wali ambayo hakuna aliyeigusa. Don Batiste aliitazama hadi ikapoa. Kisha alikwangua ukoko wake, akanimegea nusu, akala nusu. Hivyo ndivyo tulivyofanya kila Jumapili, na mimi, bila kujua, nikajifunza kusema.

Kesho anaondoka na Bi Assumpta kwenda kaskazini, ghorofani, ambako hakuna ua wala kuni. Juzi aliiweka paella juu ya meza yangu, imefungwa kwa blanketi kama mtoto.

"Ichukue. Huko nitakuwa nikisikia harufu yake usingizini tu."

"Nikikoroga je?"

"Tafuta wa kuzungumza naye."

Don Batiste, nimeanza kukukumbuka kabla hujaondoka. Nani atanicheka? Nani atanipa nusu ya ukoko? Nakushukuru kwa sauti hii, maana ni yako. Kiti chako nimekwisha kukiomba kwa Bi Assumpta. Mbele yake pembe ya wali itakungoja, ingawa wali, kama Bi Empar alivyokuwa akikuambia, haumngoji mtu.

Nanyi wengine, nitawasha moto Jumapili hii, na naogopa. Anayetaka kunifikia asinipigie simu. Mikono itakuwa na masizi. Apite nyuma ya kanisa, afuate moshi wa michungwa hadi mlango wa kijani. Asibishe hodi. Aje na kijiko chake, na aanze kuzungumza tangu kizingitini, lolote lile, mradi asinyamaze kabla wali haujakauka.

Leo mmenisikiliza, nawashukuru sana. Jumapili njooni niwasikilize ninyi.