Maji Niliyomkandia Mwanangu

Asalamu alaykum. Na walioitikia kwa salamu ya kanisani nimewasikia, tuko pamoja. Mwenyekiti wa kikundi chetu amenitambulisha kwenu kama mama shujaa aliyemwinua mwanawe kitandani. Mwenyekiti, nisamehe mdogo wangu, mimi ndiye niliyemrudisha kitandani. Nimekuja kusema hilo, kwa sababu wengi wenu humu mna wagonjwa wa uti wa mgongo majumbani, na mikono inawawasha kutaka kusaidia kama ilivyoniwasha mimi.

Kazi yangu ni kukanda wazazi. Toka Mapinga hadi Makurunge, mwanamke akijifungua naitwa mimi. Nachemsha maji na majani ya mwarobaini, namkanda tumbo na kiuno, namfunga mkaja, arobaini ikiisha anatoka ndani kama mwari. Nimeachiwa na bibi yangu. Mikono hii imezoea moto, naitumbukiza kwenye maji ambayo wewe ukichovya kidole tu unaruka. Nilikuwa najivunia hilo, tena natamba nalo mbele za watu.

Mwanangu alikuwa fundi wa kuezeka. Ana miaka ishirini na mitatu akaanguka kutoka kwenye kenchi, nyumba ya mtu aliyenunua kiwanja Mapinga. Uti wa mgongo ukavunjika. Hospitali walimhangaikia, Mungu awalipe, kisha wakatuweka kitako. Wakasema kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu na huenda asisikie tena, ila akifanya mazoezi ataweza kukaa, kujihamisha kwenda kwenye kiti cha magurudumu, kwenda chooni bila kubebwa, na pengine hata kusimama akivalishwa vyuma vya miguu. Mume wangu alishika hilo neno "ataweza". Mimi nilishika "hasikii", nikasema moyoni, hawa hawajanijua.

Basi mazoezi yakaanza, mara tatu kwa wiki, mume wangu anampakia kwenye bajaji hadi kituo cha mazoezi cha hospitali. Pale alikuwepo dada mmoja wa mazoezi, binti mdogo, mtu wa bara. Mkali huyo! Anamwacha mwanangu ajigaragaze mkekani kutafuta kugeuka ubavu, jasho linamtoka, na mimi mama yake nikiinama kumshika naambiwa, "Mama, toa mikono." Mimi! Nyumbani wifi yangu akanitia maneno: "Wewe unakanda watoto wa watu, wako unampeleka akateswe na kale kasichana?" Ndugu zangu, nawaambia, sikungoja kuambiwa mara mbili.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, mume wangu ameshakwenda shamba. Nikainjika sufuria. Mwanangu nimemlaza ubavu, amenielekezea uso, mimi namkanda kiunoni na nyuma ya mapaja. Nachovya taulo, nakamua, naweka. Namuuliza, "Unasikia?" "Sisikii, mama." Nachovya tena. "Na sasa?" "Bado. Ongeza moto, mama." Jamani, mwanao wa kiume anakuomba hivyo, macho yamekutolea, wewe ungefanya nini? Nikasukumia kuni ndani. Mara ya sita au ya saba akasema, "Mama, kama kuna kitu. Kama nasikia joto." Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio wakidhani tumeletewa posa. Wifi yangu akasujudu pale pale sakafuni. Baadaye sana ndipo mwanangu aliponiambia kwamba hakusikia lolote. Alinitazama usoni akanionea huruma.

Kulipopambazuka aliniita. "Mama, mbona shuka limelowa?" Nikamfunua. Yamejaa malengelenge, mengine yameshapasuka, ngozi inatoka na shuka. Na yeye ametulia tu anangoja jibu, maana haumwi. Nilitamani alie. Angelia jana yake, ningesimamisha mkono.

Sasa sikilizeni nilivyokuwa mtu mbaya. Kituoni mganga mkuu akauliza nani kamuunguza huyu. Mume wangu akanitazama. Nami nikajibu bila hata kumeza mate: "Ni huku huku kwenu. Binti yenu alimwekea mfuko wa maji ya moto juzi." Yule dada alikuwa amesimama mlangoni na faili mkononi. Tulipouliza wiki iliyofuata tukaambiwa amesimamishwa mpaka ukweli ujulikane. Nilirudi nyumbani, nikala, nikalala usingizi.

Vidonda vilichukua miezi minne. Miezi minne mwanangu haruhusiwi kukaa, kutwa amelala kifudifudi au kwa ubavu, na yale aliyojifunza yote yakapotea. Magoti yakakunjika, yakakaza. Watu walikuja kutujulia hali, wakasema, "Masikini mama wa watu, hospitali hizi jamani!" Na mimi naitikia, "Acha tu, dada yangu, acha tu." Nawapa na chai.

Vidonda vilipofunga, bajaji ikaja mlangoni. Mwanangu akasema haendi. Baba yake akambembeleza, hataki. Akaniita mimi, wifi yangu naye yupo, akasema, "Siendi mpaka mama akaseme kweli. Yule dada ndiye aliyenifundisha kugeuka. Nitaingia pale kwa uso gani?"

Nikamwambia, "Mwanangu, nikisema, nani ataniita tena kukanda? Nitakuwa mtu wa kunyooshewa vidole mji mzima."

Akanijibu taratibu, "Basi sawa, mama. Nitakaa humu ndani unikande mpaka nife."

Siku tisa alikataa. Kila siku bajaji inakuja, inageuza. Mume wangu hakunigombeza, yeye alikuwa anakaa na mwanawe anamnyoosha magoti vile alivyokumbuka kuona kituoni, na mimi nikipita mlangoni wananyamaza. Niliwachukia wote wawili, sitaficha. Nilimchukia na yule binti, ambaye hakunikosea chochote. Siku ya kumi, huku namwogesha mwanangu, niliona magoti yake yamezidi kupanda kuelekea tumboni. Nikajua kwamba nikiendelea kulinda jina langu, nitamfanya awe mtu wa kulala maisha yake yote. Nikavaa baibui nikaenda kituoni kwa miguu.

Nilisema mbele ya wakubwa wote wa yule dada, na yeye wakamwita. Nilisema yote, kuni, taulo, vigelegele, uongo. Nikamwomba radhi. Mnadhani alinikumbatia? Thubutu! Hata kiti hakunikaribisha. Akasema, "Mama, radhi yako sijui niiweke wapi. Jumatatu saa mbili namtaka mgonjwa wangu hapa." Akatoka.

Alimfundisha upya kwa miezi minane. Mwanangu alianguka kutoka kwenye ubao wa kujihamishia mara zisizo na idadi, na mimi nimekaa kwenye benchi, mikono nimeikalia, kwa amri. Leo anajihamisha mwenyewe, anajipikia chai, ananoa misumeno ya mafundi wenzake kibarazani kwetu. Ila goti la kushoto halijanyooka wala halitanyooka, kwa hiyo vyuma vya kusimamia havimfai. Nilimuuliza daktari, kama asingelala ile miezi minne je? Hakunizunguka. Akasema labda angesimama.

Namshukuru mume wangu, aliyefanya kazi bila kelele. Namshukuru wifi yangu, aliyenitia maneno lakini pia ndiye aliyefua zile shuka kila siku. Na yule dada wa mazoezi, aliyealikwa leo akasema ana wagonjwa. Ninyi nawaomba hivi: mgonjwa asiyesikia maumivu msimguse kwa akili zenu, hata kama mnajua kukanda kuliko mimi. Waulizeni wanaojua, hata awe binti mdogo wa kukuambia toa mikono. Na ukikosea, sema siku ile ile. Mimi siku hizi hata mzazi wa kawaida achovye mkono wake kwanza kwenye maji ndipo nimkande. Baadhi wameacha kuniita, na wana haki.

Nimalizie na hili. Kwa kuwa hasikii, mwanangu hujikagua ngozi kila asubuhi asije akawa na kidonda bila kujua. Nyuma hafiki, kwa hiyo anayemshikia kioo ni baba yake. Mwaka mzima ni baba yake. Mimi sijaitwa, na sikuthubutu kuuliza. Wiki iliyopita mume wangu alikwenda Msata msibani, na asubuhi nikasikia, "Mama, njoo unishikie kioo." Nikaenda. Nikaona vumbi la msumeno kiunoni kwake, nikanyoosha mkono kumpangusa. Alinitazama tu kwenye kioo. Nikaurudisha mkono. Nikamuuliza, "Nishike hivi?"

Akasema, "Hapo hapo, mama. Usisogee."