Ndoo ya Mzee Yotham Mlangoni

Tarehe 30 Juni 1996, Mzee Yotham Ndahani, fundi wa nyumba za Shirika letu hapa Dodoma, atastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kuziba nyufa na matundu kwenye kuta zetu. Wengi mnamjua kwa ndoo yake ya bati, mwiko wake, na kofia iliyoganda chokaa. Sisi wa kota za Makole tunamjua pia kwa jambo jingine: kuna wakati tulimwogopa kuliko mwizi.

Mzaliwa huyu wa Kongwa aliajiriwa kubeba mchanga, ufundi akajifunza kwa kutazama. Ukimwonyesha ufa, kwanza anaugonga ukuta kwa vifundo vya vidole na kusikiliza. Kisha anaukwangua kwa patasi mpaka lipu mbovu yote idondoke, mwenye nyumba akipiga kelele kwamba fundi kaja kubomoa. Yeye anaendelea kukwangua. Ananyunyiza maji, anajaza nusu, anaaga. Kesho yake ndipo anamalizia na kupiga msasa. Bi Sabiha wa kantini akambatiza Fundi Nusu, na jina likakaa. Lakini mnajua wenyewe, alipoziba Yotham hapapasuki tena.

Mwaka 1993 mambo yakageuka. Mashirika yalikuwa yanauzwa, wafanyakazi wanapunguzwa, nasi tukawa tunaamka na wasiwasi na kulala nao. Ofisi ilitaka nyumba ya anayepunguzwa iwe imetengenezwa kabla hajaihama. Kwa hiyo kila Jumatatu Mzee Yotham alitajiwa nyumba ya kwenda, bila kuelezwa sababu. Akaanza na ya dereva Swalihu. Akaziba matundu ya misumari, akanywa chai, akaaga vizuri. Ijumaa Swalihu akapewa barua ya kupunguzwa. Wiki iliyofuata akaenda kwa Restuta wa uhasibu, na Ijumaa Restuta naye akapewa yake. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Jamani, hofu ile! Ukisikia ndoo inalia barazani, unazima redio na kufunga mlango. Tukajidanganya kwamba nyumba isiyo na tundu haitafutiwi fundi, basi kila mtu akawa fundi kwake. Bi Sabiha aliziba kwa dawa ya meno, kabati akalisukuma mbele ya ufa. Bwana Hanifu wa stoo aliujaza ufa wa sebuleni unga wa ngano, kaukanda vizuri kama wa chapati. Kulipokucha panya wameula wote, na wameongeza tundu lao. Tulicheka, lakini cheko lenyewe halikufika mbali.

Kantini Mzee Yotham akawa anakula peke yake. Watoto waliozoea kumpokea kwa shikamoo wakawa wanakimbilia ndani. Naye hofu ilimkamata vilevile. Alimwambia Hanifu kwamba akikataa kwenda atapunguzwa yeye, na watoto wake bado wanasoma. Akienda, anajiona mleta msiba.

Siku ya zamu yangu naikumbuka. Mama yangu alikuwa amelala chumbani, hajiwezi, na nyumba ile ya Shirika ndiyo pekee tuliyokuwa nayo. Nikasikia hodi. Nikachungulia dirishani: ndoo. Nikakaa chini sakafuni nyuma ya mlango, nikalia kama mtoto. Yeye akasema kwa upole, "Fungua, Mama Lulu. Ndoo ya leo haina jina la mtu. Nimeanzia nyumba ya pale bombani, naenda zote."

Na kweli alikwenda zote, kila jioni baada ya kazi, bila kutumwa. Hakuna nyumba isiyo na tundu, alisema, na yeye kaajiriwa kuziba matundu. Akamalizia kwa Meneja. Wanaosimulia wanasema Meneja alipoiona ndoo mlangoni kwake jasho lilimtoka, akauliza nani kamtuma, na kama ni wakubwa wa Dar es Salaam. Mzee akamwonyesha tundu la msumari juu ya redio. Meneja aliketi kwanza, ndipo akamruhusu kuingia. Hakuna aliyemwadhibu mzee, na nyumba za Jumatatu hazikutajwa tena.

Sitaki kuwadanganya, kupunguzwa hakukukoma. Wenzetu wengi waliondoka. Lakini tangu siku ile ndoo haikumtisha mtu, na aliyeondoka hakuwa ameteseka wiki nzima kwa ajili ya hodi. Mimi nilibaki. Mama alifia kitandani kwake, chini ya paa lile, kwa amani.

Sasa zamu imemfikia yeye. Nyumba aliyokaa miaka yote hii lazima airudishe kuta zikiwa safi, na Hanifu anasema mzee ameziba matundu ya nyumba nzima akashindwa na moja tu, la msumari aliotundikia saa. Anakaa kulitazama. Huko Kongwa amejenga, lakini kuta za ndani bado ni tofali tupu, na amekiri wazi kwamba anaogopa: anaogopa kuamka pasipo mtu wa kumwita.

Mzee wetu, asante kwa kila ukuta, na kwa jioni zile hasa. Mungu akupe afya, usingizi mzuri na mvua za kutosha shambani. Tundu la saa liache, tutaliziba sisi. Na Jumamosi ya kwanza ya Julai, ukisikia hodi Kongwa, ukachungulia ukaona Sabiha, Hanifu na mimi tumeshika ndoo, usijifungie. Lipu yetu itakuwa mbaya, utatukaripia mpaka jua lizame. Fungua tu, mzee. Safari hii ndoo ina jina la mtu, nalo ni lako.

Priska (Mama Lulu), Masijala