Nahodha Bado Yuko Nje ya Mlango

Mgeni rasmi, mama yetu Mkurugenzi wa Vipindi, pamoja na wote mliofuatana naye, mwongozaji wetu, waigizaji wenzetu, na ninyi majirani wa kiwanda cha magodoro mliokubali kuzima mashine kwa nusu saa ili sauti yetu isikike:

Sisi mafundi na waigizaji wa tamthilia ya Wasafiri wa Jua la Pili tunakukaribisha kwa mikono miwili. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatutaficha, tulikuwa tumeugua kidogo. Kiti ulichokalia ni cha rubani. Tunakuomba usiguse kile kitufe chekundu; kimebandikwa leo asubuhi na gundi haijakauka.

Anayesoma mbele yako ni mtunza mwendelezo. Kazi yangu ni kuandika daftarini mambo yalivyokuwa kamera ilipozimwa: nani alishika kikombe kwa mkono upi, kifungo kipi kilikuwa wazi, ili tukirudi tuanzie palepale. Wenzangu wamenichagua kusoma risala hii kwa sababu wanasema sisahau. Mume wangu anasema hiyo si sifa.

TULIVYOANZA

Mgeni rasmi, ghala hili lilikuwa la matairi, na jua likiwa kali harufu yake bado hutoka ukutani. Seremala wetu alijenga chombo cha anga kwa plaiwudi, mabomba ya maji na vifuniko vya masufuria. Fundi cherehani alishona mavazi ya wasafiri kwa turubai za kufunikia magari. Mtu akikaa, vazi lilipiga kelele hadi fundi wa sauti akavua vipokea sauti vyake. Ndiyo maana watu wa Jua la Pili husimama wanapozungumza. Watazamaji wengi hudhani ni heshima.

Hadithi tulikuwa nayo: wasafiri kumi na mmoja wanaotafuta sayari yenye mwanga wa jua jingine. Tulichokosa ni nahodha. Waigizaji wenye majina walikuja kujaribiwa, na kila mmoja alitoa amri kama mtu anayeomba radhi.

Siku moja mama mzazi wa mpambaji wetu, mkunga mstaafu, alikuja kumletea bintiye miwani aliyoisahau nyumbani. Alikuta jenereta inanguruma mlangoni.

"Nani mwenye dude hili?" akasema. "Lizime! Hamwoni watu wanafanya kazi?"

Fundi wa jenereta alilizima kabla hajageuka kumwangalia anayemwamuru. Mwongozaji akatoka mbio.

"Mama, unaweza kulisema hilo tena, ukiwa unatazama nyota?"

"Nyota zenyewe ziko wapi?"

"Tutaziweka."

"Basi ziwekeni kwanza, ndipo mniite."

Tuliziweka, tukamwita. Tangu siku hiyo hakuna anayemwita mkunga tena. Hata sokoni wanamwita Bibi Nahodha, na foleni humpisha.

YALIYOTUFURAHISHA

Tulirushwa kila Jumamosi alasiri. Kinyozi wa barabara ya nyuma aligeuza televisheni yake ikatazama nje, maana wateja walikuwa wakijazana mlangoni wasimwachie nafasi ya kuzungusha mkono. Mgeni rasmi, vipimo vya watazamaji vya ofisini kwako vinaihesabu televisheni ile kuwa moja. Mpambaji wetu alihesabu vichwa: thelathini na vinne, kimoja kikiwa kimenyolewa upande mmoja tu, kwa kuwa mwenyewe na kinyozi wote walikuwa wamesahau.

Lakini mtazamaji wetu mkali kuliko wote ni mume wa Bibi Nahodha, ambaye sote tunamwita Babu. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Sasa ana maradhi ya kusahau. Tulimwomba Bibi ruhusa ya kulitaja hili, naye akajibu, "Andikeni, lakini msimfanye wa kuhurumiwa. Andikeni kwamba anawakosoa."

Ni kweli anatukosoa. Baada ya sehemu ya tatu alituma ujumbe kwa mkono wa bintiye: "Watu kumi na mmoja, safari ya miaka saba, na sijaona choo. Mwulizeni seremala." Seremala alicheka kwanza, halafu akashinda akipima kona za chombo.

Babu hajui kwamba nahodha ni mkewe. Humtazama kwenye kioo cha televisheni, huku ameshika mkono wa yuleyule aliyekaa kando yake, na kumwambia, "Huyu mama ana akili sana. Kwao ni wapi?" Bibi humjibu, "Si mbali."

YALIYOTUPATA

Tuliagizwa sehemu kumi na mbili. Tulikuwa tumemaliza ya kumi mvua iliponyesha mchana kutwa, bati likaachia, na maji yote ya paani yakaingia ndani ya chombo. Plaiwudi ilivimba kama magodoro ya jirani. Tulipofika, seremala alikuwa amekaa juu ya ndoo, kofia mkononi, kama mtu aliyefika msibani mapema. Wiki mbili baadaye tukapata barua: kurekodi kusimame, na sehemu ya kumi iwe ya mwisho. Hatukulaumu, mgeni rasmi. Wakati ule hukuwa umeingia ofisini.

Lakini sehemu ya kumi haikuandikwa iwe ya mwisho. Daftari langu linasema hivi: "Nahodha yuko nje ya chombo, ametoka kuziba ufa. Mlango umekwama. Mkono wa kushoto umeshika kamba, wa kulia unagonga. Ndani, wasafiri wanavuta mpini. Kamera imezimwa."

Hapo ndipo tulipowaacha watu, mwaka sasa na miezi miwili. Fundi cherehani akienda kununua uzi anaulizwa, "Mmemfungulia?" Mpambaji alikwenda hospitali kung'olewa jino, daktari akamwuliza akiwa amepanua kinywa. Tumejaribu kueleza habari ya bati na barua. Watu hawataki habari ya bati.

Na Babu, kila Jumamosi saa ileile, huketi mbele ya televisheni. Siku hizi kinarushwa kipindi cha mapishi. Hutazama kidogo, kisha huuliza, "Yule mama bado yuko nje?"

Mwanzoni Bibi alikuwa akimwambia, "Ameshaingia, mume wangu." Babu akawa anakataa. "Sijamwona akiingia. Usinidanganye, mimi nilikuwa nikitazama." Majina yamempotea, hata miaka, mlango ule haukumpotea. Basi Bibi siku hizi humwambia ukweli: "Bado, lakini wanavuta."

TULIYOYAFANYA

Bibi alitueleza hayo hapa ghalani, tulipokutana kugawana vifaa ili kila mtu aende zake. Seremala aliweka chini msumeno wake. "Mimi siendi," akasema. "Mlango huo niliujenga mimi."

Tumekijenga chombo upya kwa Jumamosi ishirini na moja. Majirani walitupatia mabaki ya sponji, nayo sasa ndiyo kuta za chumba cha mitambo. Kinyozi alileta kioo. Choo kipo, upande wa kushoto ukiingia, na mlango wake unafungika. Seremala anaomba ukikague kabla hujaondoka, atafurahi.

Jumamosi moja, wiki nne zilizopita, tulifanya mazoezi ya sehemu ya kumi na moja. Kamera haikuwashwa, maana kibali hatuna, na hatukutaka kukuvunjia heshima. Bibi alimleta Babu, akamweka kwenye kiti cha plastiki karibu na taa. Mimi nilisoma daftari, kila mtu akarudi alipokuwa: kamba mkono wa kushoto, wa kulia unagonga. Wasafiri wakavuta. Mlango ukafunguka, Nahodha akaingia, akavua kofia ya chuma.

Kwenye maandishi, rubani alipaswa kusema, "Karibu chomboni, Nahodha." Hakuwahi. Babu alikuwa ameshasimama. Alivuka nyaya zote bila kujikwaa, akapanda ngazi, akamshika Bibi mabega, akamtazama kwa muda, kisha akamwita jina lake. Si la unahodha. Jina lake la utotoni, ambalo bintiye mwenyewe alikuwa halijui.

"Umechelewa," akamwambia. "Nimekungoja sana."

Bibi alisema, "Mlango ulikuwa umekwama." Fundi wa jenereta alitoka nje, akadai kuna kitu anakikagua.

Jumatatu iliyofuata Babu alikuwa amelisahau jina lile tena. Lakini Bibi anatuambia kwamba tangu Jumamosi ile hajauliza kama yule mama bado yuko nje.

KUHUSU WANAOKUJA

Mgeni rasmi, tunajua kamati yako inakutana wiki ijayo, na kwamba mezani kuna vipindi vitatu vipya vya kubuni: cha mpelelezi anayeshirikiana na jini, cha treni inayorudi jana, na cha ufalme ulio chini ya ziwa. Tunajua pia nafasi ni chache. Hatuna kinyongo navyo. Fundi cherehani ameshampima yule jini, na seremala amechora treni bila kuombwa. Mcheza kwao hutunzwa, nasi tunafurahi hadithi za namna hii zinazidi kuzaliwa nyumbani. Tunachosema ni kwamba anayemkaribisha mgeni mpya humsindikiza kwanza yule aliyetangulia.

OMBI LETU

Risala hii ilikuwa na maombi saba. Tulitaka msimu wa pili wote, bati jipya, gari, na mengine. Leo asubuhi, tukinywa chai ndani ya chombo, tuliyafuta sita. Limebaki moja: turuhusu turekodi sehemu mbili zilizosalia, na uzirushe Jumamosi alasiri, saa yetu ya zamani. Babu ameshaona mlango ukifunguka. Wale thelathini na wanne wa kwa kinyozi hawajaona, wala yule daktari wa meno, wala watoto wanaotuandikia barua za kupendekeza aina ya nyundo ya kutumia.

Msimu wa pili ukija, tutashukuru. Usipokuja, tutakuwa tumewarudisha salama wasafiri wale, watu wa wenyewe.

Na kama jibu ni hapana, tunakuomba usituandikie barua. Tuambie hapahapa, kwa mdomo wako, kabla hujapanda gari. Bibi Nahodha amesimama nyuma yako, amevaa tayari. Anasema ameshazoea kuwapa watu habari za kila aina uso kwa uso, na hatakuchukia.

Mungu akujalie afya, ailinde familia yako, na akufikishe salama kila unakokwenda, milango yote ikiwa wazi.

Ni sisi,
Mafundi na Waigizaji wa Wasafiri wa Jua la Pili