Historia ya Kaka Yetu, Mtunzi wa Lugha ya Kuuliza Swichi

Ndugu mliokuja kumzika, kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1984, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe, akasoma shule ya msingi ya jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, kisha chuo cha ufundi, na kote huko walimu walimwita Maswali, kwa sababu hakukubali jibu la juu juu.

Mwaka 2011 aliajiriwa na kampuni ya mtandao, atunze swichi, yale masanduku yenye taa nyingi ambayo data za wateja hupitia, na humo akatunga lugha yake ya kompyuta, ambayo kwa mstari mmoja unaiuliza swichi nani anaziba njia, nayo inahesabu yenyewe huku data zikipita. Tarehe 14 Desemba 2013 alimuoa wifi yetu, wakajaliwa mabinti wawili, akawa anawasuka nywele yeye mwenyewe, ovyo kabisa, nao wakaenda nazo shuleni hivyo hivyo wasije wakamvunja moyo.

Kumbukumbu ya swichi ni ndogo, maswali hayaenei yote, lakini swali la kulinda njia ya data za hospitali hakuwahi kuliondoa. Mwezi wa Mei mwaka huu, kaka akiwa kliniki kwa ajili ya presha, mkuu wake wa kazi aliamuru litolewe, ili zipate nafasi grafu za rangi za kuwaonyesha wageni. Wiki iliyofuata njia ikaziba bila mtu kujua, hospitali ikakosa majibu ya maabara asubuhi nzima, na mkuu akamwambia mbele ya watu wote, "Hiyo lugha yako ya kujitungia imetutia aibu," akamsimamisha kazi. Kaka alijibu tu, "Bosi, swichi haikuulizwa, ingejibu nini?" Haya tuliambiwa na binti wa meza ya jirani kazini, aliyemletea nyumbani kikombe chake na koti, akalia pale mlangoni.

Tangu hapo usingizi ulimpaa, presha ikapanda, akapata kiharusi, na alfajiri ya Jumanne, tarehe 6 Agosti 2024, akafariki, akiwa bado anaitwa mzembe.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi aliyemnyoa ndevu bila kuombwa, majirani waliowalaza watoto kwao, na wafanyakazi wenzake, hasa mlinzi aliyekuja kumwona kwa miguu. Mkuu wake naye yupo, mstari wa mbele, ana hotuba ya sifa mfukoni. Familia imeikataa hotuba hiyo. Asimame aseme ni nani aliyeamuru lile swali litolewe, maikrofoni hii hapa.

Kaka, wewe pumzika. Sisi tunamsubiri.